Kwa Bujiku, Aliyekuwa wa Kwanza Kila Jumamosi

Mwaka umetimia, Bujiku, tangu Jumapili ile ulipotoka nyumbani na shati lako la kijani, ukamwambia Mama asikuwekee chakula cha mchana kwa sababu utakula na wenzako uwanjani. Tuliambiwa kwamba mwaka ukipita moyo hupoa. Waliotuambia hivyo wana mioyo yao. Yetu iko palepale ulipoiacha.

Karatasi hii itasomwa baada ya misa na kugawiwa kwa majirani, ndugu na madereva wenzako. Karatasi za namna hii zinajulikana: mtu husifiwa, kisha huandikwa majina ya wanaomkumbuka, basi. Sifa zako tunazo tele. Majina ndiyo yaliyotushinda. Mkeo Philomena amekataa jina lake kuwemo. Tumembembeleza wiki tatu. Anajibu neno lilelile, "Andikeni yenu, langu liacheni." Na kila mtu atakayeishika karatasi hii atatafuta jina la mke kwanza, unawajua watu wa huku. Itabidi tueleze, na ili tueleze inabidi tuanzie mbali kidogo. Aliyeshika kalamu kwa niaba ya wote ni dada yako Sesilia, na unafahamu kwamba kufupisha hakujui.

Ulizaliwa Ushetu, katikati ya tumbaku ya Baba. Mzee Bartholomeo anasema ulipopewa plau ya ng'ombe ukiwa na miaka kumi na miwili, ulimaliza shamba kabla ya kaka zako kufika nusu, na matuta yako yote yalikuwa yamepinda. Alikuchapa kwa matuta, akakusifu kwa mwendo, siku ileile. Ukakimbilia Geita ukawa utingo, kisha dereva wa tipa. Miaka kumi ulibeba mawe kutoka kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji, mpaka kwenye karasha yanakosagwa, njia nyekundu ya vumbi, kwenda na kurudi.

Wanawake wa kule bado wanakutaja. Hukumpita hata siku moja mwanamke mwenye ndoo kichwani ukamwachia vumbi. Ulikuwa ukipunguza mwendo mpaka tipa linatambaa, unatoa kichwa dirishani: "Shikamoo mama, pole na vumbi." Madereva wa nyuma walikupigia honi kwa hasira. Wewe ulikuwa unatafuna matobolwa yako, viazi vikavu vya Mama, uliyoyaweka kwenye mfuko wa plastiki juu ya dashibodi, na honi zao zilikuingia sikio hili zikatokea lile.

Na uliendesha peku. Kwenye tipa ulivaa viatu kama watu, lakini kwenye gari la mashindano uliviacha nje vimepangwa vizuri kama unaingia nyumbani kwa mtu. Ulisema mguu mtupu unasikia injini.

Mashindano yenyewe wengi wa huku wanayajua, ila tuyaeleze kwa wageni. Ni mbio za magari kwenye barabara ya mzunguko iliyochongwa kwa greda, nje kidogo ya Kahama, kwenye lililokuwa shamba la tumbaku. Jumamosi ni mchujo. Kila dereva huingia peke yake, saa inampima, na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye atakayesimama mbele siku ya pili. Jumapili ndiyo mbio. Magari yote kwa pamoja, mizunguko ishirini, na vumbi ambalo ndani yake mtu haoni hata mkono wake mwenyewe kwenye usukani.

Ulishindana mara kumi na moja, na mara tisa ulikuwa wa kwanza kwenye mchujo. Mtangazaji alikuwa hasemi tena jina lako. Gari lako jekundu likiingia, alikuwa anasema tu, "Haya, kalamu chini," maana yake wengine wasijisumbue kuandika. Subaru kuukuu uliyoiunga wewe na fundi Eustace, mdogo wako, kwa vipuri vya magari manne, iliwaacha watu wenye magari ya maana kwa sekunde tatu nzima. Tulilia kwa raha. Zawadi ya mchujo ilikuwa kofia, na kofia tisa zipo. Moja anaivaa Mama akipalilia karanga. Ukimwambia aivue anakuuliza kama wewe una mtoto aliyewahi kupewa kofia.

Lakini Jumapili, Bujiku. Jumapili tulirudi nyumbani bila kuongea. Ulianza mbele, wenye injini kubwa wakakupita pale panaponyooka, na ukishapitwa ulikaa nyuma yao kwenye vumbi mpaka mwisho, huchepuki kushoto wala kulia, umewasha taa. Wa nne. Wa tatu. Wa sita. Gari linakimbia kuliko yao kwenye kona, kila mtu anaona, na wewe hupiti. Watu wakakuita Bwana Jumamosi. Vijana wa bodaboda wa Buseresere wakapata na wimbo kabisa: Jumamosi simba, Jumapili sungura.

Dada yako Sesilia anauza vitenge hapo Buseresere, na wimbo huo aliimbiwa kila Jumatatu ya baada ya mbio. Wateja wanachagua kitenge huku wanacheka. Ulimi hauna mfupa. Siku ya Pasaka ya mwaka jana, tulipokaa wote Ushetu tunakula, alikwambia mbele ya wazee, mbele ya mkeo, "Kaka, kama unaogopa kupita watu acha mashindano, utuache na sisi tuuze vitenge kwa amani." Ulicheka ukaomba mboga. Philomena hakucheka. Alinyanyuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa bado vina chakula. Sesilia aliona, akadhani ni aibu ya mke kwa mume mwoga.

Hatukujua. Wiki tatu zilizopita ndipo tulipojua, na tunakwambia wewe unayejua kwa sababu wengine wanaosoma hapa hawajui.

Tulikuwa tumekaa uani tunabangua karanga, Sesilia anatusomea alichokwisha kuandika. Alikuwa ameandika hivi: "Ulikuwa na kasi, ila hukuwa mtu wa kupenda hatari." Aliona ni maneno ya heshima. Njia ya kistaarabu ya kusema mwoga, na tuliokaa pale tulielewa hivyo. Philomena akaweka ungo chini.

"Wifi, futa hapo," akasema. "Hakuwa mwoga. Mimi ndiye niliyemfunga."

Akaanza kueleza, bila machozi, anaangalia karanga. Wote mnamkumbuka Luka, kaka yake Philomena wa kule Chato, aliyekuwa utingo wa lori. Luka alikufa kwenye barabara ya Buseresere, miaka minane sasa, wakati dereva wake alipojaribu kulipita basi ndani ya vumbi akakutana uso kwa uso na lori jingine. Mwezi mmoja kabla ya hapo ulikuwa umeshindana mbio zako za kwanza. Kwenye mchujo ulishika nafasi ya tano, si kitu. Jumapili ulipita magari vumbini kama unapita miti, ukamaliza wa pili. Tulisahau hilo. Kwa nini tulilisahau? Lilikuwepo kwenye vitabu vya waandaaji, lilikuwepo kwenye macho yetu.

Philomena aliporudi kutoka kumzika kaka yake, Limi alikuwa na wiki sita. Alikukalisha kitandani, akakushika mkono wa kulia, akauweka juu ya kichwa cha mtoto. Akakwambia, "Apa. Apa juu ya huyu kwamba hutampita mtu kwenye vumbi, barabarani wala uwanjani, mpaka mimi mwenyewe nikufungue." Ukaapa. Mkono juu ya utosi ambao bado unacheza, nani angekataa?

"Kwa hiyo akabaki na njia moja," Philomena akatuambia. "Mbele hakuna vumbi la mtu. Akiwa mbele peke yake kiapo hakimgusi. Ndiyo maana alikuwa anajiua Jumamosi. Si kwa ajili ya kofia, wifi. Ilikuwa ndiyo nafasi yake pekee ya kushinda, awe mbele tangu mwanzo na asipitwe. Wakishampita pale panaponyooka, mbio zake zimeisha."

Eustace, aliyeifunga injini ile kwa mikono yake, aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Miaka saba ulimwomba akuongezee nguvu ya kuondokea, na kila mara alikujibu kwamba tatizo si injini, tatizo ni moyo wa dereva. Hukumjibu hata mara moja. Ungeweza kusema neno moja tu, "Niliapa," na sote tungenyamaza. Ulitunza siri ya mkeo, ukabeba jina la sungura mgongoni, ukacheka, ukaomba mboga.

Baada ya Pasaka ile Philomena hakulala vizuri tena. Aliona jinsi ulivyocheka. Anasema mtu ukimzoea unajua kicheko chake kipi ni chake na kipi amekiazima. Akakaa na jambo hilo mpaka Julai. Ijumaa ya kabla ya mbio ulikuwa unaosha gari, yeye anakumiminia maji kwa kopo.

"Baba Limi," akakuita. "Nimekufungua."

Uliendelea kusugua. Ukamuuliza, "Umenifungua nini?"

"Unajua. Jumapili kapite."

Ukaacha kitambaa. "Sesilia kakusumbua tena?"

"Hapana. Mimi mwenyewe nimechoka. Nataka nikuone unapita watu, hata mara moja."

Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye bodi, anasema. Kisha ukamwita Limi aliyekuwa anacheza barabarani, ukaweka mkono juu ya kichwa chake, mama yake naye akaweka wake juu ya wako, akasema, "Nimekufungua." Limi alidhani ni mchezo. Ulimbeba mkeo ukamzungusha mpaka kopo likaanguka. Anasema hakuwahi kukuona umefurahi vile, hata siku ya harusi, na harusi mlicheza mpaka mpiga kinanda akaomba ruhusa ya kwenda kwao.

Kesho yake kwenye mchujo ulivunja rekodi yako mwenyewe. Mtangazaji hakusema hata lile la kalamu. Alicheka tu kwenye kipaza sauti.

Jumapili bendera ilishuka ukatoka mbele. Pale panaponyooka wale wenye injini kubwa, Boaz kisha Marwa, wakakupita, kama siku zote. Watu wakaguna, wengine wakaanza na ule wimbo. Philomena alikuwa amesimama na Sesilia kwenye kilima cha udongo karibu na kona ya tatu. Mzunguko wa tatu, Marwa akaingia kwenye vumbi la Boaz ampite kwa kulia. Hakuna aliyeona kilichompata. Gari lake liliteleza likageuka, likazimika hapohapo upande wa kulia, na vumbi likalifunika. Boaz akaendelea. Nawe ukaja nyuma ya Boaz.

Siku zote ungebaki kwenye alama za matairi yake, kushoto. Ungepita mita tatu kutoka kwa Marwa wala usingejua kama yupo.

Philomena aliona paa jekundu likichepuka kwenda kulia, likaingia vumbini. Akapiga vigelegele. Hilo ndilo analolirudia kuliko yote, kwamba alipiga vigelegele, kwamba ilikuwa sauti yake yeye, na kwamba bado alikuwa anavipiga wakati mlio ule ulipotokea.

Tusiandike zaidi hapo.

Msimu wa mvua ulipofika, Marwa alikuja nyumbani anatembelea gongo, mguu mmoja haukunjiki. Hatukumtarajia. Alikataa kiti, akasimama mbele ya Mama mlangoni.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye lile gari."

"Marahaba. Nakujua."

"Nilikuwa mzima, mama. Gari lilipozimika nilikuwa mzima kabisa. Ningeweza kuruka nje, ningeweza kupunga hata koti. Nikasema, nyuma ni Bujiku, na Bujiku hapiti vumbini. Nikakaa nawasha gari." Akafuta uso kwa kiganja. "Miaka saba nilimtania kwa hilo. Siku ile nikalitegemea."

Mama alimpa maji. Hakuwa na jingine la kumpa. Philomena alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na yote aliyasikia. Sasa tunajua alikuwa anasikia nini. Uwanja mzima ulikuwa unaendesha kwa kuamini kiapo ambacho haukijui, na mtu mmoja tu duniani, ukiacha wewe mwenyewe, ndiye aliyejua kwamba kimefunguliwa tangu Ijumaa.

Ndiyo hayo. Baba hakutaka yaandikwe. Alisema ya ndani hayaanikwi uani, na kwamba karatasi ya kanisani si baraza la ukoo. Sesilia akamwambia kuwa mwanawe amekaa kaburini mwaka mzima anaitwa mwoga na vijana wa bodaboda, na kwamba hatakaa tena kwenye meza yake ya vitenge akisikia wimbo ule huku ukweli anao mfukoni. Baba akainamisha kichwa. Alipokinyanyua akasema, "Andika. Ila uandike na ulichosema wewe Pasaka." Tumeandika.

Tungependa kukwambia kwamba ukweli umetupunguzia. Haujatupunguzia kitu. Zamani tulikulilia tu. Sasa tunakulilia, na kila mmoja wetu anajua ni wapi alipokusukuma. Padri anatukumbusha maneno ya msibani, Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe. Mawili ya kwanza tunayasema. La tatu bado halijatutoka mdomoni, na padri atusamehe.

Tangu siku ile ya kukiri, Mama hakuongea na mkwewe hata neno. Alisema mara moja tu, "Kwa hiyo mwanangu hakuwa mwoga," na uso wake ukang'aa, kisha ukazimika palepale alipomgeukia aliyesema. Walipika jiko moja bila kuitana. Tuliogopa kwamba Philomena atafunga mizigo arudi kwao Chato, na Limi amchukue, na nyumba yako ibaki na kofia. Alikuwa ameshakunja nguo. Tuliziona.

Jana asubuhi Mama alimwita Sesilia amsomee majina. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama Limi yuko wapi hapo?"

"Amekataa, Mama."

"Nani alimuuliza?" Mama akasema. Akamwita Philomena atoke, akaongea naye akimtazama, mara ya kwanza kwa siku nyingi. "Mbio zile za kwanza nilikuwepo. Nilifunga macho kwa khanga, jinsi alivyokuwa anapita watu. Nilijua mwaka hauishi kabla sijamzika. Mwaka ukaisha. Ukaisha na wa pili. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru mganga, nikamshukuru kila mtu asiyehusika. Kumbe ni wewe. Miaka saba ya mwanangu ni wewe ulinipa, mayu, mama yangu. Sesilia, mwandike."

Tulidhani Philomena atalia, na kwamba akilia itakuwa nafuu. Hakulia. Alipiga goti kama mkwe anavyopiga, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, Mama." Kisha akasema polepole, "Mama anahesabu miaka saba. Mimi nahesabu Ijumaa mpaka Jumapili." Akainuka akarudi kwenye nguo. Hatujui kama alikuwa anazikunja au anazikunjua, na hakuna aliyethubutu kwenda kuangalia.

Unakumbukwa na baba yako, Mzee Bartholomeo. Mama yako, Salome. Dada yako Sesilia, ambaye angeukata ulimi wake kama ungerudi. Mdogo wako Eustace. Mwanao Limi, aliyedhani ni mchezo. Na mkeo Philomena, ambaye tumemwandika bila ruhusa yake.

Hatuna siku ya kukusahau, Bujiku.